Baada ya kununua: HP, Dell na Lenovo mbele ya fundi wa Lubumbashi

Watu wa Lubumbashi hawahami chapa ya kompyuta ovyo. Nyumba iliyoanza na HP, mtoto akiingia chuo atanunuliwa HP. Ofisi iliyozoea Dell itaagiza Dell tena. Wanajua chaja yake, wanajua fundi gani anaifungua vizuri, wanajua vipuri vyake vinaitwaje. Hasira inaanza siku mashine inapokataa kuwaka na mwenyewe anaitafuta kampuni iliyoitengeneza. Tunaupima hapa msaada wa kampuni tatu ambazo mashine zake ndizo zinazojaa mezani kwa mafundi wa mji huu.

Kwanza garanti. Haikai kwenye risiti ya duka, inafuata nambari ya mashine. Kwa Dell ni Service Tag, herufi na tarakimu 7 zilizoandikwa chini ya mashine. Kwenye laptopu nyingi za HP, bonyeza Fn na Esc kwa pamoja, dirisha litafunguka lenye jina kamili la modeli na nambari zake. Ingiza nambari hiyo kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa pesa. Siku zinahesabiwa tangu mauzo ya kwanza, kwa hiyo mashine iliyokwisha kutumika Ulaya, hata ikifika inang'aa kama mpya, mara nyingi garanti yake imekwisha zamani. "Garanti ya mwaka" anayokupa muuzaji wa mjini ni ahadi yake mwenyewe. Mwandikishe kwa kalamu. Dell wana fomu ya kuhamisha mashine kwa mwenye mpya na nchi mpya. Ijaze mapema, maana inauliza habari za mwenye wa kwanza, na muuzaji akishapotea zimepotea naye.

Lalamiko kubwa kuliko yote ni la chaja ya Dell, na hapo kampuni ina haki nusu. Angalia ndani ya ncha ya chaja: katikati kuna sindano nyembamba. Sindano hiyo haipeleki umeme wa kuendesha mashine. Inapeleka habari kutoka kwenye chipu iliyo ndani ya chaja, kwamba mimi ni wati 45, 65 au 90. Ndani ya kebo kuna njia tatu: volti 19.5, hasi, na uzi mwembamba wa habari. Kebo ikikunjwa kila siku shingoni, uzi ule mwembamba ndio unaokatika. Umeme bado unafika, taa inawaka, lakini mashine haimjui tena mgeni wake: inakataa kuchaji betri na inapunguza mwendo wa prosesa. Mwenyewe anaona mashine imekuwa nzito, anafikiri ni virusi, analipa kuwekewa Windows upya, na uzito unabaki palepale.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili. Washa mashine ukigonga F2, tafuta mstari wa aina ya chaja. Ukisoma 65W, chaja ni nzima. Ukisoma Unknown, jaribu chaja nyingine halisi. Ya pili ikitambulika, ya kwanza imekufa. Isipotambulika nayo, kagua tundu la chaja kwenye mashine. Katika Inspiron nyingi tundu hilo ni kipuri kidogo chenye kebo yake, kinatoka bila kuchomelea chochote. Usikubali kuuziwa bodi kuu, ile mafundi wa hapa wanayoiita kartimere, kabla tundu halijabadilishwa. HP zenye ncha ya buluu nazo zina sindano ya habari, na ugonjwa wake unafanana.

Kuilinda mashine dhidi ya chaja dhaifu ni sawa. Kosa ni kwamba onyo lenyewe linatokea kwa Kiingereza wakati wa kuwaka, katika mji unaosoma Kifaransa na Kiswahili, na ukibonyeza kitufe linapita. Kampuni inayouza mpaka huku ingeweza kuandika sentensi moja inayoeleweka.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unahitaji neno lake. Chaja za laptopu zimeandikwa 100-240V, kwa hiyo volti ikishuka kidogo hazishtuki. Zinazouawa ni zile zilizobaki ukutani umeme unaporudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika tano. Garanti za watengenezaji kwa kawaida haziingizi uharibifu wa umeme mbaya, na hilo ni gumu kumeza kwa mteja wa hapa, lakini limo kwenye karatasi.

Betri iliyovimba ndiyo inayowafanya wateja waape kwamba kampuni inawadharau. Dalili zinajulikana: tachipedi inapanda na kuwa ngumu kubonyezwa, kifuniko cha chini kinaacha mwanya. Acha kuchaji, usitoboe, usiilazimishe kurudi. Sasa, hata kampuni ikikubali kubadilisha, betri ya lithiamu iliyo peke yake hairuhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na iliyovimba haipandi ndege yoyote. Hivyo kuirudisha kiwandani kwa ndege ni jambo lisilowezekana, na mpya inangoja ndege ya mizigo au lori la kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mhudumu wa simu anayesema "tutakuletea siku chache zijazo" hajui njia hiyo, na kuahidi bila kujua ndiko kunakokera.

Ukinunua betri mwenyewe, agiza kwa alama iliyoandikwa juu ya betri, si kwa jina la laptopu. HP moja inaweza kuandikwa HT03XL, Dell moja M5Y1K. Alama hiyo ndiyo inayobeba umbo, plagi na volti. Ikishawekwa, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, soma uwezo uliokusudiwa na uwezo wa sasa. Betri "mpya" ambayo namba ya pili iko chini sana ya ile ya kwanza irudishe siku hiyohiyo.

Msaada wa simu wenyewe unafuata karatasi: zima, washa, shika kitufe sekunde 30, weka Windows upya. Wa kuukata wimbo huo ni msimbo wa kipimo. HP: washa ukigonga Esc, kisha F2, endesha kipimo, kikishindwa kinatoa namba ndefu ya tarakimu na herufi 24. Dell: F12, kisha Diagnostics, diski mbovu, kwa mfano, huleta 2000-0142. Piga picha ya kioo na uitume pamoja na nambari ya mashine. Mhudumu mwenye msimbo mkononi hana tena sababu ya kukurudisha kwenye kuzima na kuwasha.

Sifa zao za kweli ziko kwenye vitabu vya matengenezo, na hapo tunazisifu bila kusita. Lenovo wanatoa bure kitabu cha kila ThinkPad: kipi kinatoka kwanza, skrubu za ukubwa gani, nambari ya kila kipuri. HP nao vivyo hivyo, na nambari zao zina siri yenye faida: kibodi ya HP ikiishia -001 ni ya Marekani, -031 ya Uingereza, -051 ya Kifaransa, yaani AZERTY. Wengi wamelipia kibodi kutoka ng'ambo wakapokea QWERTY kwa sababu ya tarakimu tatu hizo tu.

Lakini kitabu hakiponyi mashine iliyotengenezwa isifunguke. Katika laptopu nyingi za bei nafuu za kampuni zote tatu, kibodi imeshikwa kwenye kifuniko cha juu kwa vichwa vingi vya plastiki vilivyoyeyushwa, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, mara nyingine imechomelewa kwenye bodi. Kitufe kimoja kikifa, kipuri kinachouzwa ni kifuniko kizima. ThinkPad za T za Lenovo, EliteBook za HP na Latitude za Dell zimejengwa kwa ajili ya kufunguliwa, ingawa modeli nyembamba za karibuni nazo zimeanza kuchomelea RAM. Mwenye kupenda HP aipende EliteBook. Jina lilelile kwenye mashine ya plastiki halimhakikishii kitu.

Anayenunua iliyotumika aangalie prosesa pia. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Prosesa i5-8250U, ya kizazi cha 8, inapita, i5-7200U, ya cha 7, haipiti, na kwa macho mashine zenye prosesa hizo mbili hufanana kabisa.

Kwa vitabu na vipuri, tunaiweka ThinkPad mbele. Kwa misimbo ya kipimo, Dell na HP wanatosha. Kwa mtu anayejibu simu, hatumpi yeyote alama ya kupita, mpaka atakapojibu kwa Kifaransa kinachoeleweka na kuuliza umeme wa nyumba ukoje kabla ya kuuliza Windows.