Tahadhari: Chapa ya nne inauzwa kwa jina la chapa ya kwanza

Ninawatahadharisha wanaonunua vitabu adimu mtandaoni kuhusu muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, anayepiga picha ya ukurasa wa hakimiliki kisha kuikata palepale chini ya maneno “Toleo la kwanza”. Mimi mwenyewe nilinaswa. Picha ilionyesha maneno hayo na mwaka wa hakimiliki, 1984, nikalipa bila kuuliza zaidi. Kitabu kilipofika nilikuta, kama sentimita mbili chini ya pale picha ilipokatwa, safu ya namba iliyosomeka 10 9 8 7 6 5 4. Katika safu hiyo namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayotaja chapa, yaani kitabu kimechapwa mara ya ngapi, kwa hiyo nilikuwa nimeuziwa chapa ya nne kwa bei ya chapa ya kwanza.

Maneno yenyewe si ya uongo, na hapo ndipo ulipo ujanja wake. Toleo hubadilika pale maandishi yanapofanyiwa marekebisho makubwa au kupangwa upya, ilhali chapa mpya ni kila mara nakala nyingine za maandishi yaleyale zinapopitishwa mtamboni, hivyo toleo la kwanza laweza kuwa na chapa hata ishirini. Wachapishaji wengi huondoa namba moja kwa kila chapa, kwa kuwa kufuta tarakimu kwenye bamba la kuchapia ni rahisi kuliko kuiongeza, lakini baadhi yao huyaacha maneno “Toleo la kwanza” mahali pake. Wengine huzipanga namba pande mbili, 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, basi itafuteni 1 popote ilipo. Hata hivyo, msimwonee muuzaji mwaminifu: kampuni ya uchapishaji ya Marekani, Random House, kwa miaka mingi iliitambulisha chapa ya kwanza kwa maneno ya toleo la kwanza pamoja na safu inayoanzia 2.

Nilipolalamika, alinitumia kitabu kingine cha kunifidia, akidai kwamba ni chapa ya 1958. Ukurasa wake wa hakimiliki ulikuwa na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ya tarakimu 13! ISBN ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1970 ikiwa na tarakimu 10, na zile 13 zikaanza rasmi Januari 2007. Huo mwaka 1958 ulikuwa wa hakimiliki tu, ambao hurudiwa katika kila chapa.

Mtakapokutana naye, daini picha ya ukurasa mzima, kingo zote nne zikionekana, kabla ya kutuma chochote. Mimi nilipoiomba kwa kitabu cha tatu alinyamaza, kisha akafuta akaunti yake. Sasa amerudi kwa jina jingine, ila picha ni zilezile: ukurasa wa hakimiliki umekunjwa kona ya juu kulia, na chini ya “Toleo la kwanza” hakuna kitu.