Onyesho la ngoma na chakula Bangkok: simu ililia, mchezaji akaganda mguu juu

Kama unakwenda Bangkok na unataka kuona ngoma za jadi za Kithai, usikubali tiketi ya chakula cha jioni na onyesho inayouzwa mapokezi hotelini. Nimeshuhudia mwenyewe safari iliyopita, na mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Mgahawa siutaji, uko kando ya mto Chao Phraya. Chakula sina neno nacho. Kilichonipeleka ni khon, ile ngoma ya vinyago niliyoitamani miaka mingi. Mwenzangu tuliyetoka naye Kariakoo kufuata mzigo wa nguo soko la Pratunam alinisindikiza tu.

Kwa asiyeijua: khon ni kisa cha Ramakien, vita vya Phra Ram na Thotsakan, jitu la nyuso kumi lililomwiba Sida, mke wa Phra Ram. Majitu na nyani huvaa vinyago, kwa hiyo hawasemi neno. Wasimulizi wa pembeni ndio wanaowasemea, na kundi la ala, yaani marimba, gongo za shaba zilizopangwa mduara, zumari na ngoma, linakwenda na mchezaji hatua kwa hatua. UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2018. Bila wapigaji hiyo si khon, ni mtu amevaa nguo za kumeremeta. Fikiria umelipia taarab halafu unakuta mwimbaji amesimama na redio!

Pale hapakuwa na mpigaji hata mmoja. Palikuwa na spika na simu ya meneja.

Thotsakan akatoka, kinyago cha kijani. Akainua mguu, goti limefunguliwa nje, vidole vya mguu vimepindwa juu. Hapo hapo muziki ukakatika na ukumbi mzima ukasikia simu inaita. Meneja akapokea! Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika, anaongea Kithai, anaongea tu. Na yule kijana hakushusha mguu. Nilikuwa meza ya mbele, naliona paja linatetemeka na jasho linachuruzika kutoka chini ya kinyago hadi kwenye kola ya nakshi. Nguo zile mchezaji hushonewa mwilini kabla ya kutoka, ni nzito na zinabana, hawezi hata kujipangusa. Watu wanacheka, wanarekodi. Muziki uliporudi ulianzia mwanzo wa wimbo, naye akaanza upya bila kuonyesha chochote.

Baadaye nilimfuata meneja kwa adabu kabisa, nikamuuliza kwa nini hawaweki hata mpiga ngoma mmoja. Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Madam, umelipia chakula. Ngoma ni ya bure."

Ya bure! Na bango la mlangoni limejaa Hanuman, yule nyani mweupe wa Ramakien, kuanzia juu mpaka chini, sahani ya wali haimo. Mwenzangu alinishika mkono, "Shoga, achana naye, twende zetu," la sivyo tungefika pabaya.

Niseme haki, wachezaji ni wazuri. Wasichana walioanza walikuwa na vidole vinavyopinda nyuma mpaka unaogopa vitavunjika, na hiyo ni kazi ya kufundishwa tangu utotoni. Kwa hiyo anayetaka picha na chakula cha mtoni labda aende... Hapana. Nikimkumbuka yule kijana na mguu wake, nasema asiende mtu. Hela inaingia kwa aliyepokea simu.

Pa kwenda papo. Tiketi ya Kasri Kuu, Grand Palace, baht 500, ina khon ndani yake: siku za kazi kuna gari la kukupeleka ukumbi wa Sala Chalermkrung, uliofunguliwa mwaka 1933. Watu wanaitupa hiyo sehemu ya tiketi bila kujua! Na dereva wa tuk-tuk akikwambia kasri limefungwa leo, mpite, nenda mlangoni ukaone mwenyewe. Pale Sala Chalermkrung chozi lilinitoka. Hanuman mweupe anajikuna, anaruka, anaviringika, na kila jambo linakwenda na ngoma. Ila ni kipande kifupi mno, hakifiki hata nusu saa. Unaanza kukolea, taa zinawashwa. Hilo nalo liliniudhi.

Ukiniuliza nilipopapenda kuliko kote, ni Erawan, hekalu dogo la tangu 1956 kwenye makutano ya Ratchaprasong, mwendo wa miguu kutoka Pratunam. Aliyejibiwa maombi anakuja kutimiza nadhiri kwa kuwalipa wachezaji, anapiga magoti na uvumba mkononi, nao wanacheza na kuimba mbele ya sanamu ya mungu Brahma, wapigaji wamekaa pembeni. Si khon, na ni dakika chache tu. Lakini hachezewi mtalii pale. Unasimama kando kimya, hulipi kitu, na magari yanapita nyuma yako.

Khon ndefu yenyewe, ile kubwa iliyoanzishwa kwa hisani ya Malkia Sirikit, kwa kawaida huwa Novemba kwenye ukumbi wa Thailand Cultural Centre. Mzigo wangu ujao naupanga mwezi huo, na mwenzangu nimeshamwambia.