Guangzhou nje ya masoko: majengo ya kale yanaushinda mnara mpya

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Guangzhou, China, hufikia mtaa wa Xiaobei, hushinda madukani, hufunga mizigo na kurudi nyumbani bila kuuona mji wenyewe. Mwenye siku moja au mbili za nafasi ana kila sababu ya kutembea, kwa kuwa treni ya chini ya ardhi inafika jirani ya takriban kila mahali ninapopataja hapa, nauli yake ni nafuu, na vibao vya vituo vimeandikwa Kiingereza pia. Tiketi ya safari moja ni kisahani cha plastiki; unakigusisha getini unapoingia na kukitumbukiza kwenye tundu unapotoka, kwa hiyo kitunzwe. Pasipoti nayo isiachwe hotelini, maana huulizwa mara nyingi wakati wa kukata tiketi za kuingilia.

Anayetaka kuona sehemu moja tu aende kwenye Ukumbi wa Ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894 kwa michango ya familia zenye jina hilo kutoka wilaya 72 za jimbo la Guangdong, ambazo zilihitaji mahali pa kuwafikishia vijana wao waliokuja mjini kwa ajili ya mitihani ya serikali. Cha kutazama kwanza ni paa. Juu ya ukumbi mkuu, katika kilele chenyewe, umejengwa ukingo wa kauri wenye urefu wa takriban mita 27, uliosheheni sanamu zaidi ya 200 za majenerali, mabibi wa ikulu na wazee wenye ndevu, wote wakiwa katikati ya visa vya tamthilia za Kikantoni. Ukiteremsha macho ukutani utakuta matofali ya kijivu yaliyochongwa baada ya kuchomwa, mengine kwa mistari myembamba kama uzi wa kushonea, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini saa moja haitoshi. Vyumba vya pembeni vyenye maonyesho ya sanaa za mikono vinaweza kupitwa upesi. Jengo lenyewe ndilo onyesho.

Kituo kimoja mbele kutoka ukumbi huo, kwa njia ileile ya treni, kwenye kituo cha Ximenkou, ndiko uliko Msikiti wa Huaisheng na mnara wake wa Guangta wenye kimo cha mita 36. Ni nguzo nene ya mviringo, laini, isiyo na pambo lolote, ambayo zamani iliwaongoza manahodha waliokuwa wakiingia mtoni. Simulizi za wenyeji zinasema msikiti huu uliasisiwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi hawalikubali hilo, ingawa hawabishi kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi walikuwa na mtaa wao hapa tangu enzi za wafalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vigae vya kauri za Kichina vilivyofukuliwa Kilwa vinatokana na biashara hiyohiyo ya Bahari ya Hindi, na kwa msomaji wa pwani jambo hilo lina uzito kuliko urefu wa jengo lolote. Asiye Mwislamu asitarajie kuingia ndani, lakini mnara unaonekana vizuri kutoka barabarani.

Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe ya itale kati ya 1863 na 1888, linastahili nusu saa. Kisiwa cha Shamian, walikokuwa wakiishi Waingereza na Wafaransa, ni cha kupumzika chini ya miti mikubwa. Kiingilio hakuna, na msongamano wa wapiga picha za harusi ni sehemu ya ziara.

Mnara wa Canton, unaoitwa kwa jina la zamani la Guangzhou, ni habari nyingine. Una mita 600, ulifunguliwa mwaka 2010, mwaka wa Michezo ya Asia, na kiuno chake kilichosokotwa ni kazi nzuri ya wasanifu majengo wa Kiholanzi Mark Hemel na Barbara Kuit. Tiketi zimepangwa kwa kadiri ya kimo unachotaka kufika, na juu kabisa vipo vibanda 16 vya kioo vinavyozunguka ukingo wa paa. Tatizo ni hewa: unyevunyevu na ukungu wa Guangzhou huweza kuufunika mji wote, nawe ukabaki unatazama weupe uliolipia. Isitoshe, ukiwa ndani yake huuoni mnara, ilhali ndio jengo zuri kuliko yote yaliyouzunguka. Kwa hiyo ushauri wangu ni kubaki ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa Huacheng, karibu na jumba la opera lililobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid, na kusubiri taa ziwashwe. Wenye hamu ya kuwa majini wasikimbilie boti za kifahari zinazonadiwa kando ya mto. Kivuko cha kawaida cha abiria kinapita majini humohumo kwa yuani chache, alimradi uulize mapema saa ya safari ya mwisho.