Kozi ya BEC ya Shirika la Afya Duniani: tathmini kwa hospitali na halmashauri zinazotaka kuiandaa

Mganga mkuu wa wilaya au mratibu wa maafa anayetafuta mafunzo ya dharura kwa watu wake ana mengi ya kuchagua. Kuna huduma ya kwanza ya siku moja au mbili, kuna kozi za majeruhi za bei kubwa zinazotoa vyeti vya nje, na kuna semina za hotelini ambazo ni slaidi tangu asubuhi hadi jioni. Kwa wahudumu wa zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na gari la wagonjwa, tunaiweka mbele ya zote hizo BEC, yaani kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Tunaipendekeza kwa moyo wote, ila kwa sharti moja: muda wa mazoezi ya mikono usiguswe na mtu yeyote, hata mgeni rasmi.

BEC ilichapishwa mwaka 2018 na WHO pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa kushirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Tiba ya Dharura. Kabla ya hapo ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, na jambo hilo linaonekana ndani ya kitabu. Mhudumu hachukuliwi kuwa ana mashine ya CT au daktari bingwa chumba cha pili. Anachukuliwa kuwa na mikono yake, oksijeni kama ipo, dripu, dawa chache, na saa kadhaa za barabara kabla ya hospitali ya rufaa. Kuumwa na nyoka, kifafa cha mimba, sukari kushuka, mtoto mwenye utapiamlo anayehitaji maji: yote yamo, na yamepewa nafasi inayostahili.

Kitabu cha mshiriki kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya WHO. Gharama za mwandaaji ni ukumbi, chakula, usafiri, wakufunzi na vifaa. Kozi ya kawaida ni ya siku tano. Siku ya kwanza ni uti wa mgongo wa kila kinachofuata: kumpima mgonjwa kwa mpangilio wa A hadi E, yaani njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumfunua mwili na kumkagua kote bila kumwacha apate baridi. Tatizo likionekana kwenye A, linashughulikiwa hapo hapo kabla ya kusogea B. Baada ya hapo yanakuja maswali sita ya historia: dalili, mzio, dawa anazotumia, maradhi ya nyuma, mara ya mwisho kula au kunywa, na nini kilitokea. Siku zinazofuata zinajenga juu ya msingi huo kwa sura nne, ambazo ni majeraha, shida ya kupumua, shoki (damu kutofika viungoni kwa kiasi cha kutosha), na mabadiliko ya ufahamu, kisha namna ya kumhamisha mgonjwa na kumkabidhi. Kuna mtihani wa maswali ya kuchagua kabla na baada ya kozi, na kila mshiriki anapimwa kwa mgonjwa wa kuigiza.

Ubora mkubwa wa BEC ni kwamba inamfundisha mhudumu kutenda kabla ya kujua ugonjwa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hasubiri majibu ya maabara. Njia ya hewa inafunguliwa, oksijeni inawekwa, sukari inapimwa. Ikiwa chini ya milimoli 3.5 kwa lita anapewa glukosi, na kama kipimo hakipo, glukosi inatolewa vilevile, kwa sababu madhara ya kumpa asiyeihitaji ni madogo kuliko ya kumnyima anayeihitaji. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyeshika mantiki hiyo hahitaji kumpigia mtu simu ili aanze kazi.

Mazoezi ya mikono ndiyo kozi

Chukua kituo cha mazoezi cha ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa mgonjwa asiyepumua vizuri. Kwenye slaidi unaonekana mwepesi. Mezani, wengi wanakosea mahali pale pale: wanaikandamiza maski usoni kwa nguvu, taya inarudi nyuma, ulimi unaziba koo na hewa inatokea pembeni. Kinachotakiwa ni kinyume chake, yaani uso uinuliwe uje kwenye maski. Kidole gumba na cha shahada vinashika maski kwa umbo la herufi C, vidole vitatu vilivyobaki vinashika mfupa wa taya na kuuvuta juu. Vidole hivyo visizame kwenye nyama laini chini ya kidevu, hasa kwa mtoto, maana hapo vinaziba njia yenyewe. Watu wawili wakiwepo, mmoja ashike maski kwa mikono miwili na mwingine abinye mfuko.

Kosa la pili ni kubinya sana na haraka. Mfuko wa mtu mzima unabeba karibu lita moja na nusu, wakati pumzi moja inahitaji takriban theluthi ya kiasi hicho. Kinachotafutwa ni kifua kuinuka, basi. Kwa mtu mzima ni pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6. Ukizidisha, hewa inaingia tumboni, mgonjwa anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu, na aliyekuwa na tatizo moja sasa ana mawili. Wakufunzi wazuri humfanya mshiriki ahesabu kwa sauti, kwa sababu mkono wa mtu mwenye hofu huenda mbio bila yeye kujua.

Sasa fanya hesabu. Kituo cha dakika 40 chenye watu 12 na mdoli mmoja kinampa kila mtu dakika tatu na kidogo, zikiwemo za kupanga foleni. Kwa watu sita ni karibu dakika saba, na ndani ya muda huo mtu anaweza kukosea, kusahihishwa na kurudia. Ndiyo maana tunashauri kundi la watu 24 liwe na vituo vinne na mkufunzi mmoja kwa kila watu sita. Ukumbi wa watu 60 wenye wakufunzi watatu si BEC, hata kama bango la nyuma linasema hivyo.

Kufunga nyonga iliyovunjika ni zoezi jingine linalofichua mengi. Vifaa ni shuka au khanga mbili na watu wawili tu, lakini karibu kila anayelifanya mara ya kwanza anafunga juu mno, kiunoni, mahali pa mkanda wa suruali. Shuka inatakiwa ipite usawa wa vichwa vya mifupa ya paja, pale panapojitokeza pembeni ya nyonga. Ikifungwa kiunoni haibani mfupa unaovuja damu. Nyonga yenyewe haitikiswi ili kuona kama inacheza, kwani kila ukiitikisa unaongeza damu inayopotea.

Vituo vingine tunavitaja kwa ufupi. Jeraha la kifua linalovuta hewa linafunikwa kwa bandeji iliyobandikwa pande tatu, moja iachwe wazi. Mkanda wa kuzuia damu unafungwa kwa kitu kipana upande wa juu wa jeraha, kuelekea kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, saa ulipofungwa inaandikwa mahali panapoonekana, na unatumika pale tu kukandamiza kwa mkono na kujaza jeraha kwa shashi kumeshindwa. Kwenye kuumwa na nyoka mkanda huo haufungwi: kiungo kinatulizwa kwa banzi, hakuna kuchanja, hakuna kunyonya. Kumgeuza majeruhi wa uti wa mgongo, amri inatoka kwa aliyeshika kichwa na kwake peke yake. Mjamzito wa miezi ya mwisho analazwa ubavu wa kushoto.

Tunapoona mapungufu

Oksijeni kwanza. Kozi inafundisha kuitoa, lakini mwandaaji aongeze nusu saa ya mtungi wenyewe: kufungua valvu, kusoma geji, kuunganisha kipima mtiririko, na kujua spana inakaa wapi. Gari la wagonjwa linaweza kuondoka na mtungi uliojaa usioweza kufunguliwa kwa kuwa spana imebaki stoo. Hesabu ya safari nayo ifanywe mezani. Mtungi wa lita 680 ukitoa lita 10 kwa dakika unaisha kwa dakika 68. Kama hospitali ya rufaa iko saa mbili, dereva na muuguzi wanatakiwa kulijua hilo kabla ya kuwasha gari. Vilevile maski yenye mfuko wa akiba inataka lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kwanza ndipo ivalishwe.

Lugha ni pungufu la pili. Toleo linalotumika sana huku ni la Kiingereza, na mkufunzi asiyejiandaa atasoma slaidi kama zilivyo. Mafunzo yaendeshwe kwa Kiswahili na mazoezi yote yafanyike kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo timu itapigiana kelele chumba cha dharura. Makabidhiano kwa simu yafanyiwe zoezi pia: ni nani anayepiga, mgonjwa ana nini, amefanyiwa nini, anahitaji nini na atafika saa ngapi. Dakika moja inatosha. Wasiolifanyia zoezi hueleza dakika tano bila kutaja kama mgonjwa anapumua.

Pungufu la tatu ndilo kubwa kwa watu wa maafa. BEC ni kozi ya mgonjwa mmoja mbele ya mhudumu mmoja au timu ndogo. Haikuundwa kwa ajili ya majeruhi hamsini kwa mara moja. Moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, au ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024, ulidai mambo mengine kabisa: nani aanze, nani asubiri, nani anaongoza eneo, magari yanaingilia wapi. Siku ya sita iongezwe kwa ajili hiyo. Chombo cha kutumia kipo: mfumo wa pamoja wa kuainisha wagonjwa ulioandaliwa na WHO, Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka, wenye rangi nyekundu, njano na kijani, na kadi tofauti kwa walio chini ya miaka 12 na walio na miaka 12 na zaidi. Kwa upande wa uongozi wa tukio, kozi za awali za mtandaoni za FEMA, wakala wa maafa wa Marekani, hasa IS-100, zinaeleza vizuri jambo ambalo kamati zetu zinalihitaji: msimamizi mmoja asibebe watu wengi mno, na kiwango kinachopendekezwa ni watano kwa mmoja. Mifano yake ni ya Kimarekani, hivyo mratibu aipitie mwenyewe na kubadilisha majina ya vyeo yaendane na kamati ya wilaya, zimamoto, polisi na hospitali.

Halafu kuna wale wanaofika kabla ya sote. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafariki. BEC si kozi ya mvuvi wala ya bodaboda, na kuwaingiza humo ni kupoteza muda wao. Kwao WHO ina mafunzo mengine, ya wahudumu wa kwanza wa jamii, yaliyotengenezwa kwa ajili ya maeneo ambayo huduma ya gari la wagonjwa haijakamilika: usalama wa eneo, kuita msaada, kuzuia damu, kumlaza asiye na fahamu, kumbeba mgonjwa. Bajeti ya wilaya yenye ziwa, barabara kuu au soko kubwa iwe na fungu la kundi hili sambamba na BEC, badala ya kulisubirisha mwaka mwingine.

Nani apelekwe, na nini kinaharibika baadaye

Orodha ya washiriki huamua nusu ya matokeo. Wakipelekwa wasimamizi wa idara peke yao, ujuzi unarudi ofisini na kufungiwa kabatini. Wapelekwe wanaopokea wagonjwa saa nane usiku: wauguzi wa zamu, matabibu, wakunga, na wahudumu wa gari la wagonjwa. Kutoka kituo kimoja waende angalau wawili au watatu, kwa sababu mtu mmoja aliyerudi na mpangilio mpya hawezi kuubadilisha mtindo wa chumba kizima. Dereva wa gari la wagonjwa naye ashiriki siku ya majeraha na siku ya kuhamisha wagonjwa, hata kama hatafanya mtihani.

Ujuzi wa mikono unafifia haraka usipotumika. Kituo kijiwekee zoezi la dakika 15 kila wiki, kifaa kimoja kwa wiki: leo ambu, wiki ijayo kufunga nyonga, inayofuata adrenalini ya mzio mkali, nusu miligramu kwa mtu mzima kwenye msuli wa paja. Hakuna posho inayohitajika kwa hilo. Kinachohitajika ni ambu ya mazoezi isiyochanganywa na ya wagonjwa, na jina la mtu mmoja anayewajibika.

Vifaa vikaguliwe kabla washiriki hawajaondoka vituoni mwao. Ambu ya mtu mzima, ya mtoto na ya mtoto mchanga, maski za saizi zote, mashine ya kufyonza inayofanya kazi umeme ukikatika, kipima sukari chenye vijiti ambavyo havijaisha muda. Kumfundisha mtu kutumia kitu ambacho hatakikuta kazini kunamvunja moyo, na wiki ya pili anarudia alivyokuwa akifanya zamani.

Mwandaaji wa nje akikuletea bei, mwulize mambo manne kabla ya kusaini. Wakufunzi ni wangapi kwa washiriki wangapi, na wangapi kati yao wamepitia mafunzo ya ukufunzi ya BEC? Midoli na ambu ni ngapi, na zinakuja lini ili zijaribiwe? Kila siku ina saa ngapi za vituo, zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba? Na nani atarudi kituoni baada ya miezi mitatu kuwapima washiriki wakiwa zamu? Akikwepa swali la tatu au la nne, tafuta mwingine.