Uzoefu wangu: maktaba iliyorudisha nyuma tarehe za kuzaliwa

Kwa miezi kadhaa nimetumia maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao mtunga programu huuazima, inayounganisha vitu vya programu na majedwali ya kanzidata ya PostgreSQL, katika mfumo wa kusajili watoto wa kliniki ya chanjo jijini Dar es Salaam. Katika kuniandikia SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata, na kufuatilia mabadiliko ya majedwali, sina lawama nayo. Lawama yangu ni kuhusu tarehe.

Mtoto aliyezaliwa 1 Machi 2024 alionekana kuwa amezaliwa 29 Februari. Safuwima ya aina ya DATE haibebi saa wala majira ya saa ya eneo, lakini maktaba huigeuza kuwa saa sita usiku ya mahali seva ilipo, na wakati wa kuhifadhi huisoma kwa majira ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, ambayo yako nyuma yetu kwa saa tatu. Hivyo inayoandikwa ni siku iliyotangulia. Na kwa kuwa huandika upya safuwima zote, muuguzi aliposahihisha namba ya simu ya mama tu, mtoto aliongezewa siku nyingine ya umri. Kwenye seva ya majaribio, iliyowekwa UTC, kosa halikujitokeza. Aliye Marekani naye halioni, kwani saa sita yake ya usiku huangukia tarehe ileile ya UTC. Labda ndiyo maana limedumu.

Kwanza niliendesha programu nzima kwa UTC. Tarehe zilitulia, ila saa za miadi zikaanza kuchapishwa zikiwa nyuma kwa saa tatu. Kilichonifaa ni kukiagiza kiendeshi cha PostgreSQL, yaani kipande cha programu kinachozungumza na kanzidata, kwamba aina namba 1082, ambayo ndiyo DATE, irudishwe kama maandishi, yaani 2024-03-01, na kuitangaza hivyo katika modeli, yaani maelezo ya jedwali ndani ya programu, huku safuwima yenyewe ikibaki DATE ili kanzidata iendelee kukataa tarehe kama 30 Februari. Ni mistari michache ya msimbo, baada ya siku nyingi za kutafuta.

Rekodi zilizokwisha kuharibika hazikurekebishika kwa hesabu, kwa sababu hatukujua kila moja ilikuwa imehifadhiwa mara ngapi. Tulizilinganisha na kadi za kliniki, moja baada ya nyingine. Maktaba bado naitumia, na naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza litakapotoka toleo linaloiacha tarehe ya kuzaliwa kama lilivyoikuta.