Pikipiki inalia gia boksi? Pima oili kwanza, alafu tuongelee ununue ipi

Habari zenu wadau, karibuni tena, leo niko hapa Mwanga, Kigoma, na mezani nimeweka oili za aina tatu: kopo la oili ya pikipiki 20W-50 (hiyo namba ni uzito wa oili) lenye maandishi JASO MA2, galoni ya oili ya gari, na hii ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ambayo wote mnaijua. Nazichambua kwa ajili ya mtu ambaye piki yake imeanza kulia kwenye gia boksi, maana kwetu huku ikilia kidogo tu unaambiwa shusha injini, na injini ikishushwa siku imeenda na hesabu ya bosi iko palepale.

Sasa kabla hujatoa hata mia, jua mlio unatoka wapi. Zima piki, iweke stendi kubwa, tia nyutro, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likikwaruza au kuvuma hapohapo, anza na cheni, sproketi, breki na beringi za tairi, gia boksi zinasingiziwa sana jamani. Likiwa kimya, washa, iache silensa, yaani iungurume bila kuvuta resi, kwenye nyutro, sikiliza, alafu bana klachi taratibu. Mlio ukipotea ulipobana, tatizo lipo kwenye shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi, yaani beringi zake, au hauzi ya klachi (kile kikombe kinachobeba sahani za klachi) imelegea, kwa sababu ukibana klachi ile shafti inaachana na injini. Mlio ukianza pale unapobana, angalia kile kiberingi kidogo kinachosukuma klachi. Ukiusikia kwenye gia moja tu, tuseme namba mbili wakati unapandisha kutoka Kibirizi na magunia ya dagaa, meno ya gia hiyo yameliwa. Na gia ikiwa inachomoka yenyewe ukivuta resi, hapo usipoteze hela ya oili, fungua.

Haya, kupima oili, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Piki nyingi tunazoendesha huku injini, klachi na gia zote zinakunywa oili moja, kwahiyo ikipungua vinaumia vyote kwa pamoja. Washa dakika chache, zima, subiri dakika mbili tatu oili ishuke chini, alafu piki isimame wima sehemu tambarare, usipime imelalia stendi ya pembeni utadanganyika. Zenye kioo kidogo cha duara kwenye kava, oili ikae katikati ya alama mbili. Zenye stiki, kama hizi za injini ya CG (muundo wa Honda CG), futa stiki, ichomeke bila kuizungusha kwenye nyuzi, toa usome. Piki zingine zinapimwa tofauti kwahiyo kitabu chake kama kipo kisome. Na usijaze kupita alama ukadhani ndo unaitunza, oili ikizidi inapigwa mpaka inatoa povu na presha inaisukuma kwenye sili na kwenye filta ya hewa. Ukiona rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, ukiona vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole usiiendeshe tena mpaka ifunguliwe.

Turudi mezani. Hii ya JASO MA2 ndo naipa kura yangu. Hiyo alama maana yake imepimwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili, isiteleze. Bei iko juu kuliko zingine, kweli, na lazima ukague mfuniko haujachezewa. Ya gari siipendekezi, hasa zile nyepesi zenye maandishi Energy Conserving au Resource Conserving, zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi yako inahitaji msuguano ili ishike, utavuta resi piki haiendi. Ya chupa naikataa kabisa, huwezi kujua ni nini, huwezi kujua imeshatumika mara ngapi, na piki ikifa anayeumia ni wewe.

Kuna na huu mtindo wa kuweka oili nzito ya gia za gari ili mlio upotee. Ndugu zangu naomba sana muache. Ile imetengenezwa kwa difu na gia boksi za gari, haikutengenezwa kwa joto la injini wala kwa sahani za klachi, mlio utapungua kidogo ila beringi inaendelea kufa kimyakimya, na ikivunjika ukiwa na abiria njia ya Kasulu gia boksi inaweza kujifunga na tairi la nyuma likagoma hapohapo. Oili nzuri inalinda gia ambayo bado nzima, beringi iliyoliwa inabadilishwa.

Kama bado hujaelewa ya kwako inalia wapi niandikie hapo chini aina ya piki, inalia gia namba ngapi, ukibana klachi mlio unapotea au unabaki, na oili mara ya mwisho ulimwaga lini, nitawajibu mmoja mmoja.