Siti skani ya mawe ya figo: nyota 3 kati ya 5, na 2 ni za dada wa mashine

Mawe ya figo yalinikunja kama jongoo, daktari akaandika siti skani ya tumbo, yaani picha za eksirei zinazopigwa na mashine kuuzunguka mwili. Nikaenda kituo kimoja cha vipimo hapa Dar es Salaam. Jina nalihifadhi, sitaki kumharibia mtu riziki.

Mapokezi ni safi, kiyoyozi cha kugandisha, foleni fupi. Tatizo ni fomu ya ridhaa: kurasa mbili, Kiingereza kitupu, na dada wa kaunta keshaweka alama ya kalamu pa kusaini. Nikamuuliza inasema nini. "Utaratibu tu, kaka." Nikasaini. Mlangoni kuna bango linalotaka wajawazito wajitaje. Mimi mwanaume, basi nikawa sina cha kuambiwa kuhusu mionzi.

Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, wasimamizi wa matumizi ya mionzi nchini, kipo, kimetiwa fremu, kimetundikwa nyuma ya kaunta ambako mgonjwa hawezi kukisoma.

Chumbani ndipo nilipokuta mtu. Mtaalamu wa mionzi, binti mdogo tu, akaanza na swali: "Mwaka huu umeshapigwa siti skani nyingine?" Nikamwambia ndiyo, Machi, tumbo hilohilo. Picha ziko wapi? Sina, nilipewa karatasi ya majibu tu. Akampigia daktari wangu simu nikiwa nimesimama na lile gauni lisilofungika nyuma. Wakakubaliana nipigwe mara moja, bila dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, kwa dozi ndogo, maana jiwe huonekana jeupe lenyewe kama mfupa.

Halafu akanieleza. Eksirei ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi). Siti skani ya kawaida ya tumbo ni 8 hadi 10, ila ya mawe kwa dozi ndogo inaweza kuwa chini ya nusu ya hapo. Mionzi ya asili, ya ardhini na angani, ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Uwezekano wa saratani baadaye unapanda kidogo sana, lakini jiwe likiziba mkojo figo inaweza kufa. Nikauliza kwa nini tusipige utrasaundi, isiyo na mionzi kabisa. Akasema watoto na wajawazito huanza nayo, ila mawe madogo yaliyoshuka kwenye mrija wa mkojo kutoka figoni huweza kuponyoka bila kuonekana.

Jirani yangu alikuwa ameniagiza ninywe maziwa nusu lita "kuosha mionzi". Binti alicheka: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, hakuna kinachobaki mwilini. (Maziwa nilikunywa hata hivyo, nilikuwa na njaa.)

Maelezo yote hayakuzidi dakika tano. Kwa nini yasitolewe kaunta, kwa Kiswahili, kabla ya saini?

Wakati wa kutoka nikadai CD ya picha zangu. Wakasema inalipiwa. Nikalipa. Sasa iko kabatini, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.